Kivumbasi Si "Aina ya Mmea" Tu: Deni la Wanakiswahili kwa Mimea ya Kwao

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu maendeleo ya Kiswahili umeelekezwa kwenye mambo mapya. Tumebishana kuhusu tarakilishi na kompyuta, kuhusu mtandao na intaneti, kuhusu rununu na simu ya mkononi. Makongamano yameitishwa, orodha za istilahi zimechapishwa, na si mara moja wataalamu wetu wamekosana kwa sababu ya neno moja la mashine. Mjadala huo una faida zake, na makala haya hayakusudii kuubeza. Hata hivyo, wakati tulipokuwa tumeyakodolea macho maneno ambayo Kiswahili hakina, tuliyapa kisogo maneno ambayo kinayo. Miongoni mwa maneno hayo ni majina ya mimea, hasa ile mimea midogo isiyopandwa na mtu, inayoota kando ya njia na nyuma ya majiko, ambayo wazee wetu waliichuma wakaichemsha na kuinywa kama chai.

Makala haya yanaangazia mmea mmoja wa namna hiyo, yaani kivumbasi. Ninashikilia kwamba jinsi tunavyokishughulikia kivumbasi katika kamusi zetu, madarasa yetu na tafiti zetu ni kielelezo cha upungufu mkubwa zaidi: tumekubali kuwa warithi wa msamiati bila kuwa warithi wa maarifa yaliyouzaa msamiati huo. Ninashikilia pia kwamba kuurekebisha upungufu huu ni kazi ya wanakiswahili kabla ya kuwa kazi ya mtu mwingine yeyote.

Kivumbasi ni nini?

Swali hili laonekana jepesi hadi mtu anapojaribu kulijibu. Katika semina mojawapo ya uzamili, tulipokuwa tukijadili taswira za manukato katika ushairi wa Pwani, mwenzetu aliuliza tofauti iliyopo baina ya mrehani na kivumbasi. Kamusi zilifunguliwa moja baada ya nyingine, na kila moja ilitwambia kwa namna yake kwamba huu ni mmea wenye harufu na ule nao ni mmea wenye harufu. Aliyetukwamua ni mama mmoja, mzaliwa wa Kwale, aliyekuwa ameingia kukusanya vikombe. "Wanangu," alisema, "mrehani hupandwa, kivumbasi hujiotea." Kwa maneno manne alikuwa ametoa kigezo cha utofautishaji ambacho fafanuzi zote zilizokuwa mezani hazikuwa nacho.

Na alisema kweli. Mrehani, ambao wanabotania huuita Ocimum basilicum, ni mmea wa bustani na wa mtungi uliowekwa barazani. Majani yake hutiwa katika vikuba pamoja na asmini. Kivumbasi ni ndugu yake wa porini. Wote wawili wamo katika ukoo mmoja na mnanaa, na kama ilivyo kwa mimea mingi ya ukoo huo, shina lao changa lina pembe nne na majani yao huota mawili mawili yakikabiliana. Kivumbasi kikubwa, Ocimum gratissimum, ambacho vitabu vya zamani vilikiita Ocimum suave, ni kichaka kinachoweza kumpita mtu mzima kwa kimo. Shina lake hukomaa likawa gumu kama mti karibu na ardhi, majani yake yana meno pembeni, na maua yake madogo meupe yaliyochujuka hujipanga kwa duara juu ya kikonyo kirefu. Huota kwenye mashamba yaliyolazwa, kandokando ya barabara na pembezoni mwa misitu, tangu Pwani hadi nyanda za juu. Mifugo haikipendi sana kwa ukali wa harufu yake; nyuki, kinyume chake, hukishambulia.

Ukijani cha kivumbasi ukikifikicha baina ya vidole, pua hupokea harufu ya karafuu. Hili si jambo la kubahatisha. Mafuta ya mmea huu, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, yana kemikali iitwayo eujenoli, na ndiyo hiyo hiyo inayoipa karafuu harufu na uwezo wake wa kutuliza jino linalouma.

Lakini mambo hayaishii hapo. Jina kivumbasi hutumiwa pia kwa mmea mwingine, Ocimum americanum, ulio mfupi, wenye majani madogo na unaokufa baada ya msimu. Kwa hiyo jina moja la Kiswahili limebeba walau mimea miwili, na msemaji wa kawaida huitofautisha kwa kuongeza sifa au kwa kumpeleka msikilizaji mpaka mahali unapoota. Mwanaleksikografia anayeandika "aina ya mmea wenye harufu" akaishia hapo hajakosea. Amekwepa kazi tu, maana fafanuzi hiyo inauenea mrehani, mnanaa, mchaichai na mimea mingine mia moja.

Chai isiyo na majani chai

Neno chai katika Kiswahili cha leo limetanuka sana. Kwanza ni kinywaji cha majani ya mchai, zao ambalo nchini Kenya lilianza kupandwa Limuru mwaka 1903. Kisha ni kifungua kinywa kizima, hata kama mezani pana uji. Tena, kwa masikitiko, ni hongo. Pamoja na maana hizo zote, neno hili lilipata nafasi ya kuhifadhi maana nyingine, yaani jani lolote la heri lililotiwa katika maji ya moto. Ndiyo sababu mzungumzaji wa Pwani husema chai ya mchaichai, chai ya tangawizi na chai ya kivumbasi pasipo kuhisi kwamba amekosa mantiki, na akitaka kutaja ile ya majani chai bila maziwa husema chai ya rangi au chai ya mkandaa.

Namna ya kuitayarisha chai ya kivumbasi ni rahisi, lakini ina adabu zake. Majani huchumwa mabichi, machanga kuliko makavu, yakasuuzwa na kufikichwa kidogo ili yaachilie mafuta. Maji hutangulia kuchemka, ndipo majani yatiwe, chombo kiepuliwe na kifunikwe. Kufunika ni jambo la lazima, wala si mapambo ya mapishi: mafuta yanayobeba harufu ni mepesi, na sufuria iliyoachwa wazi huyapeleka darini pamoja na mvuke. Baada ya muda mfupi chai huchujwa, ikatiwa asali au sukari, ikanywewa ingali moto. Hunywewa na mwenye mafua, mwenye kikohozi, na aliyevimbiwa au anayesokotwa na tumbo. Aliyezibwa pua huweza kujifukiza kwa mvuke wa majani hayo, au akafikicha majani mkononi na kuyanusa. Pamoja na matumizi hayo ya kinywaji, matawi huning'inizwa au kufukizwa chumbani ili kuwafukuza mbu, na majani makavu huchanganywa na nafaka ghalani ili kuwazuia wadudu waharibifu.

Naomba msomaji aitazame tena aya iliyotangulia, safari hii kwa jicho la lugha. Kuchuma, kusuuza, kufikicha, kuchemsha, kuepua, kufunika, kuchuja, kufukiza. Mpishi wa dawa nyingine angeongeza kutwanga, kuponda, kuloweka, kukamua, kutokosa na kuvumbika. Kila kitenzi kati ya hivi kinataja tendo moja mahususi ambalo likibadilishwa, matokeo hubadilika. Halikadhalika vipimo: ukufi ni kiasi kinachokaa katika kiganja, konzi ni kiasi kinachofumbatwa na mkono, chopa ni kile kinachookotwa kwa vidole, na kicha ni kilichofungwa pamoja. Mwanafunzi anayetafsiri maneno haya yote kwa "kiasi kidogo" amepoteza kipimo, na katika masuala ya dawa, kupoteza kipimo si kosa la kimtindo.

Majina yanayohama

Kivumbasi hakijui mipaka ya lugha. Wakamba huuita mmea huo mukandu. Ng'ambo ya mpaka, Waganda huuita omujaja, na chai ya mujaja ni kinywaji kinachofahamika sana Kampala na vijijini, kiasi kwamba majani yake huuzwa yakiwa yamekaushwa kama bidhaa ya kawaida ya jikoni. Afrika Magharibi nako mmea huo huo hutiwa katika mchuzi na supu, na India umeheshimiwa kwa karne nyingi pamoja na ndugu yake mtulasi.

Katika kaunti ya Kakamega kuna ndugu mwingine wa karibu, Ocimum kilimandscharicum, aitwaye mwonyi. Huyu hanukii karafuu bali kafuri, ile ambayo baadhi ya watu wa Pwani huiita karafuu maiti. Wakazi wanaopakana na Msitu wa Kakamega waliutumia kwa mafua na maumivu ya mwili tangu zamani. Kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru Farmers Conservation Group, kwa ushirikiano na watafiti wa kituo cha ICIPE na wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kiliupanda mashambani, kikakamua mafuta yake na kuyageuza kuwa dawa ya kuchua inayouzwa kwa jina la Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa kwa uratibu wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Funzo lililopo ni dhahiri. Jamii iliyolihifadhi jina, ikayahifadhi matumizi yaliyofungamana na jina hilo, ilipata riziki, na wakati uo huo ikapunguza haja ya kuuvamia msitu.

Tulinganishe na yaliyoupata mmea mwingine. Mzunze, ambao wengine huuita mlonge au mronge, umekuwa uani mwa nyumba za Pwani kwa vizazi na vizazi, majani yake yakipikwa mboga. Leo unga wa majani hayo huuzwa katika maduka ya Nairobi kwa jina la moringa, kwa bei ambayo mwenye mzunze uani angecheka akiisikia, na wapo wanaoununua wasijue kwamba mti wenyewe umesimama nyuma ya nyumba ya nyanya yao. Mchaichai nao, ukiingia katika orodha ya vinywaji ya hoteli, huvua jina lake na kuvaa la Kiingereza. Wahenga walisema kwamba asiyekujua hakuthamini. Jina likipotea, mtu hupoteza uwezo wa kukitambua kilicho chake, na akaja kuuziwa.

Kamusi zinaponyamaza

Kuna jambo moja katika historia ya leksikografia ya Kiswahili ambalo linafaa kutukera. Mwaka 1937, P. J. Greenway, mwanabotania aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani nchini Tanganyika, alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili yakiwa yameambatanishwa na majina yake ya kisayansi na ya Kiingereza. Miaka miwili baadaye, padri Charles Sacleux alianza kuchapisha Paris kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Sacleux hakuwa mwanaisimu tu. Alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, na kamusi yake imejaa majina ya mimea yaliyoambatanishwa na utambulisho wa kibotania. Mwaka 1976, mwanabotania Mkenya, John Kokwaro, alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, nacho kilikusanya majina ya mimea kutoka lugha nyingi za eneo hili.

Kazi hizi zote ni za kusifiwa. Hata hivyo, hebu tuitazame lugha ya mbele ya kila mojawapo. Greenway na Kokwaro waliwaandikia wasomaji wa Kiingereza. Sacleux aliwaandikia wasomaji wa Kifaransa. Kiswahili kilikuwa lugha inayotolewa habari, hakikuwa lugha inayopokea habari. Na zilipokuja kamusi za lugha moja, zilizoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Waswahili, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na nyingi zilizoifuata, mimea mingi iliishia kuwa "aina ya mti", "aina ya mmea" au "aina ya jani". Ni ajabu iliyoje kwamba msomaji wa Kifaransa wa mwaka 1939 aliweza kupata maelezo ya baadhi ya mimea ya Waswahili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hayapati katika lugha yake!

Upungufu huu hauwadhuru wanabotania, kwani wao wana majina yao ya Kilatini. Unaodhurika ni usomaji wa fasihi. Ushairi wetu wa kale umejaa mimea ya manukato. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa mwaka 1858, anapomwusia bintiye kuhusu unadhifu wa mke, anataja hata kutunga asmini. Msomaji asiyeijua asmini isipokuwa kama "aina ya ua" anaukariri utendi bila kuunusa. Vivyo hivyo, tukikutana na rehani au uvumba katika shairi, twapaswa kufahamu iwapo mshairi anataja kitu cha arusini, cha ibadani au cha mgonjwa. Sikio la Mswahili husikia vumba, uvumba na kivumbasi kama maneno ya nyumba moja, nyumba ya harufu kali, nzuri na mbaya. Mhakiki aliyepoteza nyumba hiyo hana budi kuhakiki mlango wake tu.

Funzo kutoka China

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mapambo, na kwamba maelezo sahihi ya jinsi ya kuandaa jani hayawezi kubadili maisha ya mtu. Nawaalika wazingatie kisa cha Tu Youyou. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Tu Youyou, aliyekuja kuongoza kundi mojawapo la watafiti, alipekua maandishi ya kale ya tiba ya Kichina akakutana na mmea uitwao qinghao. Majaribio ya mwanzo hayakutoa matokeo ya kutegemewa. Ndipo aliporudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, akasoma upya maelezo ya matayarisho. Ge Hong hakuagiza jani lichemshwe. Aliagiza konzi ya jani iloweshwe katika maji, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu Youyou akatambua kwamba huenda moto ndio ulioiharibu dawa. Akabadili njia akatumia joto la chini, na mwaka 1971 akapata matokeo aliyoyatafuta. Dawa ya artemisinini iliyotokana na kazi hiyo ndiyo msingi wa dawa mseto zinazotibu malaria hapa kwetu hadi leo, na mwaka 2015 alipokea Tuzo ya Nobel.

Tuzingatie kilichotokea. Uhai wa mamilioni ya watu uliegemea tofauti kati ya kuchemsha na kuloweka. Tofauti hiyo ilihifadhiwa kwa zaidi ya miaka 1,600 kwa sababu mtu mmoja aliandika kitenzi sahihi na kipimo sahihi katika lugha yake, na msomaji mmoja akakisoma kitenzi hicho kwa makini. Je, hiyo si kazi tunayofundishwa kila siku, yaani kuandika kwa usahihi na kusoma kwa makini? Je, ni maarifa mangapi ya nyanya zetu yaliyomo katika vitenzi ambavyo hakuna aliyeviandika?

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hii ni ya wanabotania na wafamasia. Nakiri kwamba mwanakiswahili hawezi kuupima mmea katika maabara, wala hapaswi kujaribu. Lakini mwanabotania hana mafunzo ya kutofautisha lahaja na lahaja, kufuatilia jinsi jina moja linavyobeba mimea miwili, au kurekodi masimulizi ya mzee bila kuyapotosha. Kila upande una nusu ya kazi. Sisi ndio ambao hatujajitokeza na nusu yetu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba kusifu mitishamba ni kuwahatarisha watu. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, kujifukiza kulirejea kwa kishindo katika Afrika Mashariki, na wapo walioamini kwamba mvuke ungewakinga na ugonjwa ambao mvuke haukuwa na uwezo nao. Pia wapo wanaompa mtoto mwenye homa chai ya majani wakingoja, hali mtoto ana malaria inayohitaji kupimwa na kutibiwa kwa dawa mseto bila kuchelewa. Hatari hii ni ya kweli, na mwandishi yeyote anayeificha hana nia njema. Chai ya kivumbasi ni kitulizo cha mafua na tumbo. Si tiba ya malaria, na kwa mama mjamzito au mtoto mchanga hata kitulizo hicho chahitaji ushauri wa mhudumu wa afya, kwani mafuta ya mmea yakizidi hugeuka sumu.

Lakini je, hatari hiyo hutokana na maarifa au hutokana na kukatika kwa maarifa? Nyanya aliyejua kivumbasi alijua pia mpaka wake: alijua konzi na ukufi, alijua ni kipi cha kunywa na ni kipi cha kufukiza tu, na alijua wakati wa kusema kwamba ugonjwa huu umemshinda. Kinachouzwa leo mitaani katika chupa zisizo na maelezo ni jani lililotengwa na mipaka yake. Kunyamaza kwetu hakumzuii mtu kunywa. Kunamzuia kujua anachokunywa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watetezi wa lugha nyingine za Kenya, nami naliheshimu kuliko yote. Wao husema kwamba tukisisitiza kivumbasi, tutafuta mukandu na mwonyi, na kwamba Kiswahili kitakuwa kimefanya kwa lugha za nyumbani kile ambacho Kiingereza kilikifanyia. Hofu hii ina msingi. Jibu langu ni kwamba Kiswahili hakina haja ya kuwa kaburi la majina hayo. Chaweza kuwa daftari lake. Kidahizo cha kivumbasi kinachotaja mukandu, na kinachoeleza kwamba mwonyi ni ndugu yake lakini si yeye, kitazinufaisha lugha zote tatu. Tena, pale ambapo Kiswahili hakina jina, hakuna aibu kukopa. Kama tulikopa kutoka Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza, kwa nini tuone haya kukopa mwonyi kutoka Kakamega?

Sheria ipo, waandishi wako wapi?

Suala hili si la hiari ya wapenda utamaduni pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde na kuimarisha maarifa asilia ya jamii kuhusu bioanuwai. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ambayo inazipa serikali za kaunti jukumu la kuyasajili maarifa hayo. Sajili ni maandishi, na maandishi huandikwa kwa lugha fulani. Iwapo nyanya wa Kwale ataeleza kwa Kidigo, karani akaandika kwa Kiingereza, na neno kufikicha likageuka "kuandaa", ni maarifa ya nani yatakayokuwa yamelindwa? Palipo na sajili zinazohitaji watu wanaojua kusikiliza, kunukuu na kufasili, ndipo wahitimu wa Kiswahili wangepaswa kuonekana, badala ya kulalamika kwamba shahada zetu hazina soko nje ya ualimu.

Yanayowezekana

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Mosi, idara zetu ziruhusu, na zihimize, miradi ya leksikografia ya mimea katika shahada ya kwanza. Mwanafunzi mmoja akikusanya mimea kumi ya kijijini kwao, akatoa kwa kila mmoja jina, maumbile, mahali unapoota, kitenzi cha matayarisho, kipimo na tahadhari, na akaupeleka mfano wa mmea kwa wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ili utambuliwe, atakuwa amefanya kazi yenye manufaa kuliko tasnifu nyingine ya dhamira katika riwaya ile ile iliyohakikiwa mara ishirini.

Pili, chama chetu kitenge kurasa chache za jarida hili, katika kila toleo, kwa ajili ya vidahizo vya namna hiyo. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumeiadhimisha kwa mashairi na hotuba. Itakuwa heri iwapo siku hiyo tutatoa pia kijitabu cha maneno tuliyoyaokoa katika mwaka uliopita. Ni sharti jamii husika ziridhie kabla ya kuchapisha, na ziandikwe kama wenye maarifa, si kama "watoa habari" wasio na makao.

Tatu, wahariri wa kamusi waache kutosheka na "aina ya". Kwa mfano tu, kivumbasi chaweza kufasiliwa hivi: kichaka cha porini cha jamii ya mrehani na mnanaa, chenye majani ya meno yanayonukia karafuu, ambayo hutiwa katika maji ya moto yakanywewa kama chai ya kutuliza mafua na tumbo, au hufukizwa kufukuza mbu; pia huitwa hivyo mmea mfupi wa jamii hiyo wenye majani madogo. Fasili hiyo haizidi mistari minne, na mwenye kuisoma anaweza kutoka nje akakitafuta kivumbasi na kukiona.

Shime basi, wanakiswahili. Wazee walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Istilahi za mashine zitaendelea kubuniwa, na mashine zenyewe zitachakaa kabla hatujakubaliana kuhusu majina yake. Kivumbasi bado kiko pale kando ya njia, na wanaojua kukitumia bado wapo, ingawa umri wao umesogea. Kazi ya kwenda kuwauliza yafaa ianze likizo hii, wala isingoje kongamano lingine.